Bwana Vioo na Kipande Kilichobaki Kazini

Aliyelala hapa, mtaani mlimwita Bwana Vioo. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, kitindamimba wa watoto watano, katika nyumba ileile alimotolewa leo asubuhi. Mama alikuwa mgonjwa, hivyo aliyembeba mgongoni ni dada yake mkubwa, ambaye hadi juzi alikuwa bado anamwita mtoto.

Shule alianza 1964, akamaliza kidato cha nne 1974. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alikuwa wa kuuliza. Akasomea mambo ya maabara, na mwaka 1978 akaajiriwa. Huko alikata maini ya binadamu vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, akavibandika kwenye vioo, akavidondoshea kingamwili. Jina hilo lilimshinda dada yake, naye akamweleza: “Dada, kwenye ini kuna kimeng’enya kinachovunja sumu. Kingamwili hii ni kama mama aliyepotelewa na mwanawe sokoni. Inawapita wana wa watu, inamshika wa kwake tu.” Ikimshika, pale panageuka rangi ya chai. Na ili wajue haiwadanganyi, kila mara huijaribu pia kwenye ini la mtu aliyekuwa na ini lenye afya.

Mwaka 1983 alipeleka suti kwa fundi cherehani, akarudi kukagua mshono kwa lenzi. Fundi akamwambia, “Ukimaliza kuutazama uzi, unitazame na mimi.” Wakaoana Desemba.

Moyo ulianza kumsumbua 2023. Alipolazwa hospitalini, akaomba akifa kipande cha ini lake kipelekwe maabara. Shemeji yake, mpenzi wa chupa, akajitolea kutoa lake.

“Lako acha, shemeji. Litalewesha hadubini.”

Wodi nzima ilicheka, isipokuwa dada. “Nilikabidhiwa mtoto mzima, nitamzika mzima.” Alibembelezwa wee, hakulegea. Marehemu akafariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa mbili asubuhi, ombi lake halijakubaliwa.

Neno likabaki kwa dada, mkubwa wa ukoo. Akaja mtu aliyefanya kazi na marehemu maabara.

“Bibi, ini tunalojaribia lilitoka kwa mtu tusiyemjua. Ndugu zake waliridhia. Sasa linakwisha.”

“Kwa hiyo mtoto wangu amelea wanawe kwa ini la watu?”

“Ndiyo, bibi.”

“Na hakuna kilichorudishwa?”

“Tungerudisha nini?”

Dada akatafuta viatu vyake. Nyumba hii haijala cha mtu ikajifuta mdomo ikanyamaza. Akaenda mwenyewe, akaweka dole gumba kwenye fomu ya kuridhia. Jana wakamwita atazame kipande cha mdogo wake kwenye hadubini: rangi ya chai, imekolea pembe hadi pembe.

“Lile la zamani lilikolea hivi?” akauliza.

“Halikufika hapa, bibi.”

“Nilijua.”

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanne, shemeji na chupa yake, na dada. Apumzike kwa amani, yeye. Kile kipande hakijapewa likizo.