Chapa ya Ngamia Kwenye Mpini

Najib mwanangu, na wewe Ifrah binti yangu, sogeeni mnisikilize, wala mtu asinikatize, kwa maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi hoja na majibu ya hoja. Mirathi yangu iko kwa kadhi: ngamia, nyumba hii ya Garissa na vitabu vyangu vya sheria vitagawanywa kama Mwenyezi Mungu alivyoamuru, na hapo sina la kuongeza. Ninalolisema leo ni la kitu kimoja ambacho kadhi hawezi kukigawa: hii rivolva iliyolala kando ya mto wangu, risasi nimekwisha kuzitoa, na huu mpini wa mfupa ambao Najib aliniletea zawadi, nami nikamwacha aufunge jana kabla sijaukagua.

Ijueni sheria kwanza. Leseni ina jina langu peke yangu, na siku nitakayozikwa itakuwa karatasi ya maiti. Bastola hairithiwi kama ngamia jike na ndama wake. Aitakaye huomba kwa jina lake, akachunguzwa yeye, na serikali ikampa au ikamnyima.

Mnakumbuka niliruhusiwa kuibeba nilipomtetea Kaaha, yule mjane aliyenyang'anywa kiwanja, na watu wakaanza kuniwinda njiani. Kesi tulishinda. Lakini tangu nilipoifunga kiunoni nimekula nyama yangu mkahawani mgongo ukiwa ukutani na uso mlangoni. Gelle, dalali wa mifugo, alinipigia kelele mbele ya wateja wote: "Waryaa Wakili! Hiyo bastola yako nayo inaagiza shaayi, ama inakunywa yako?" Walicheka, nami nikacheka, ila toka siku ile kila nilipoingia palikuwa na meza iliyojaa na meza tupu, na meza tupu ilikuwa yangu. Mama yenu Osob alipokuwa hai, nilirudi nyumbani nikazungumza. Alipoondoka, Mungu amrehemu, nilirudi nyumbani nikakaa.

Upweke humpa mtu muda, na muda wangu niliutumia kutafuta mpini unaofaa. Msicheke. Wauzaji wote watakuapia kwamba wao ndio wenye mpini bora, lakini dai hilo halina uzito mpaka mkono wenyewe utoe ushahidi. Ule wa mbao iliyong'arishwa uliokuja na bastola ulikuwa mzuri dukani. Katika jua la Garissa kiganja kilipotoa jasho uliteleza kama sabuni. Nikanunua wa mpira: ukashika barabara, ila uling'ang'ania shati na kulipandisha, hata mtoto wa dukani akajua nina nini kiunoni, na kwa joto letu ukaanza kunasa vumbi. Nikajaribu wenye mabonde ya vidole, nikakuta mabonde yale yamekatwa kwa vidole vya mtu nisiyemjua. Mwishowe Abdub wa Buna, mchonga vyombo vya maziwa, akanichongea wa mti mkavu usiong'aa. Ulijaza ile nafasi iliyo nyuma ya chuma kinachokinga kifyatulio, kwa hiyo bastola iliporusha teke haikunigonga kidole cha kati. Na ulikuwa mwembamba kiasi kwamba kidole cha shahada kilikifikia kifyatulio bila kifundo cha mkono kupinda. Hata hivyo sikumwamini Abdub kwa neno lake, wala yeye hakunitaka nimwamini. Niliupeleka uwanja wa shabaha, nikaujaribu kwa mkono mkavu, kwa mkono wenye jasho, kisha kwa mkono wa kushoto, ndipo nikatoa hukumu.

Ifrah, wewe unarithi kesi zangu na pengine maadui zangu. Ukiona haja, omba leseni yako, wala usiutumie mpini wangu kwa sababu tu ulikuwa wa baba. Mkono wako ni mdogo. Mpini mnene utakulazimisha uizungushe silaha ndani ya kiganja ili ukifikie kifyatulio, na risasi itakwenda usikokutaka. Shika kwanza, nunua baadaye. Mpini hupimwa kwa mkono, na mkono ni wa mtu mmoja.

Sasa wewe, Najib. Mfupa wako ni mzuri, siukatai uzuri wake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Unateleza, lakini si hilo lililoninyima usingizi. Alfajiri nimeushika gizani, kidole gumba kikagusa mikato, nikaifuata mpaka nikaitambua: ni chapa yetu, ile ile tunayowachoma ngamia wetu shingoni. Nilipokuuliza ukanijibu, "Aabo, waone na wajue ni ya nani." Na Jumamosi ni kikao cha kuamua ugomvi wetu na majirani juu ya kile kisima cha njia ya Liboi. Ukaniambia utakwenda nayo: "Sitaitoa, wallahi. Nitaifunga kiunoni tu."

Nimeipima kauli yako kwa haki. Kwamba hukusudii kuua, naikubali, nimekulea. Lakini aliyeketi upande wa pili haoni kusudi lako, anaona chapa. Mtu aliyebeba silaha yenye jina lake atajibu kwa nafsi yake. Wewe umeandika ukoo mzima. Ikifyatuka, hata kwa bahati mbaya, fidia ya damu haitalipwa na Najib. Itatoka zizini kwa kila aliye na chapa hiyo, mpaka kwa yatima wa shangazi yenu Timiro, ambao ngamia wao ndio maziwa yao. Na hata isipofyatuka, wazee wetu walikwenda kwenye kikao na bakora tu, ili neno liogopwe na mtu asiogopwe. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Nimewapinga watu wengi mahakamani, leo nawapinga wahenga: wembe huu hautamkata aliyeulilia, utamkata mwana wa jirani.

Kwa hiyo, Ifrah, piga simu kituoni. Ofisa aje leo, adhuhuri isimkute njiani, nimkabidhi kwa mkono wangu huu na anipe stakabadhi. Nikitangulia kufa kutakuwa na matanga, na kwenye matanga kila mtu hufungua kila sanduku. Najib, bisibisi iko dirishani. Fungua skrubu, utoe mfupa wako mwenyewe. Usinitazame hivyo. Sikufukuzi. Nenda Jumamosi, keti mbele, useme. Una ulimi mzuri kuliko wangu.

Hebu... maji kidogo. Basi, yatosha.

Mungu awape riziki isiyo na damu. Awape majirani. Ifrah, usikubali kula peke yako, hata ukiwa na kesi kubwa kiasi gani. Pendaneni... nilikuwa na la tatu, limenipotea.

Umeshautoa? Bastola iweke chini, mbali. Hapo mlangoni.

Najib. Huu upande wangu wa kulia, iliko bastola siku zote... hakuna aliyeketi hapa toka mama yenu. Njoo. Hapana, si kwenye kiti. Hapa.

Karibu zaidi.