Naftali wa Burma

Mbele ya duka la Kanti, Kingsbury Road, London, kuna benchi ambalo council, yaani halmashauri ya mtaa, iliwawekea wanaosubiri basi, ila wanaosubiri basi hawalipati. Kila Jumamosi asubuhi limekwisha kukaliwa. Mwenye dele la kahawa ni Nizar, mzee wa Unguja aliyeondoka baada ya Mapinduzi. Wenzake wanamwita Balozi maana ana maoni kuhusu kila nchi duniani. Pembeni yake ni Balwinder, Singasinga wa Kisumu, dereva wa basi, anayeitwa Breki kwa kuwa akianza kusema hana breki. Kanti mwenyewe, mtu wa Mombasa, husimama mlangoni, jicho moja dukani na jingine kwenye kashata. Yeye ni Punguza, jambo asilolifanya hata ulie. Wa nne ni Naftali, Mmaragoli wa magharibi mwa Kenya anayesukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, na kwa hiyo hapo benchini ni Dakta. Jumamosi hiyo ya Novemba kahawa ilikuwa moto na kashata zilikuwepo, lakini Dakta hakuwa na raha.

— Kesho kanisani ni siku ya kuwakumbuka askari, alisema Naftali. Pasta anataka kila mwenye mtu wake wa vita asimame, ataje jina na aseme huyo mtu alikuwa nani. Na mimi jina ninalo. Mtu ndiye sina.

— Jina gani hilo lisilo mtu? aliuliza Nizar.

— Langu. Naftali. Kwetu mtoto hapewi jina hivi hivi bana, anaitwa kwa mtu. Mzee wangu alitoka vita vya Burma, nikazaliwa, wamisheni wakasema niitwe Yohana. Akakataa. Akasema, huyu ni Naftali, Naftali ndiye alinirudisha nyumbani. Mama akamwuliza, Naftali wa nani? Mzee akatoka nje.

— Na wewe hukumwuliza?

— Nilimwuliza mpaka nikachoka. Vita hakuvisema. Alikuwa na story moja tu ya kuchekesha watoto.

Lakini lililokuwa linamkereketa hasa alikuwa hajalisema. Akalisema sasa, akiangalia ndani ya kikombe. Mzee alipokuwa anakufa, homa imempanda, alikuwa anaita: "Naftali, polepole. Usiniache." Naye Naftali, mtoto wake, aliyetoka London mbio kuja kumwona, akampa mkono. Mzee akausukuma. Akashika pembe ya blanketi, akaing'ang'ania hivyo hivyo mpaka mwisho.

— Alikuwa anamwita yule mwingine, alisema Naftali. Mimi nilikuwa hapo na hakunitaka. Si namwonea wivu, lakini huyo mtu nataka nimjue.

Maneno hayo yaliwachoma wote, na watu wa benchi wakichomwa hawajui kukaa kimya. Balwinder akawa wa kwanza.

— Sikia, Dakta. Huyo alikuwa signaller, mtu wa simu za upepo. Wajapani walikuwa wanajua Kiingereza, wanajua kila kitu. Sasa huyu Naftali anashika simu, anapiga Kimaragoli! Wajapani wanavunja kichwa mpaka leo.

— Simu haimrudishi mtu nyumbani, alisema Kanti. Huyo alikuwa pande la mtu. Wajua mvua ya kule? Tope mpaka kiunoni. Amembeba mzee bega hili, mgonjwa mwingine bega hili, na bunduki kaishika kwa meno.

— Kwa meno, Punguza? Hebu punguza!

— Wewe ulikuwepo?

— Nyote hamjui kitu, alisema Nizar, akimimina kahawa kwa madaha. Mie nimeyasikia haya Darajani kwa watu waliokwenda wenyewe. Naftali alivuka ule mto mkubwa, Chindwin, juu ya tembo. Tembo wa kuazima, wa mfalme wa kule. Na mfalme alipomwona alivyo shujaa akataka kumwoza binti yake. Naftali akasema, ahsante, lakini nina mgonjwa wa kumpeleka kwao.

— Akamkataa binti wa mfalme?

— Ndo ushujaa wenyewe huo!

Naftali alicheka, na kucheka kulimsaidia kidogo. Aliwapenda wazee hawa. Walikuwa wanamjengea mtu wa kusimama naye kesho, na kila mmoja alileta tofali lake kwa moyo mweupe. Lakini angeanzaje kumwambia pasta habari za tembo wa kuazima?

Mwanamke mmoja aliyevaa koti juu ya sare ya kutunzia wazee alikuwa amesimama kituoni kitambo, akitega sikio.

— Shikamooni jamani. Naitwa Marcelina, natokea Songea. Nimesikia Kiswahili nikasema leo basi litaniacha.

— Marahaba, karibu, alisema Nizar, akimsogeza Balwinder kando. Kikombe hiki chako, dada.

— Samahani kaka, aliendelea Marcelina, akimgeukia Naftali. Umesema baba alikuwa na hadithi moja ya watoto. Ilikuwaje?

— Ah, hiyo ni ya nyumbu tu. Nyumbu wa mizigo, mtoto wa punda na farasi. Huko Burma walipasuliwa koo wasilie, adui asije akasikia. Mzee alipewa mmoja wa kumwongoza. Alisema hakuwahi kuona kiumbe mwenye akili kama yule. Daraja bovu halikanyagi. Biskuti wanagawana nusu kwa nusu. Anafungua mdomo kulia, sauti haitoki, anabaki kumwangalia. Sisi watoto tulikuwa tunamwigiza, tunafungua midomo hivi, tunacheka. Mzee yeye alikuwa hacheki.

— Ni kweli hiyo ya koo, alisema Balwinder, na safari hii alisema taratibu. Mjomba wangu alikuwa mtu wa nyumbu, jeshi la India, huko huko. Alisema hao wanyama waliokoa watu wengi kuliko madaktari. Askari akishikwa na homa, hawezi kutembea, haoni njia, anaambiwa ashike mkia. Shika mkia, usiachie. Nyumbu anakupeleka mpaka kambini.

— Masikini, alisema Marcelina. Akanywa kahawa kidogo. Na huyo wa baba alikuwa anaitwa nani?

Balwinder aliweka kikombe chini. Kanti aliangalia dukani ingawa hakukuwa na mteja. Nizar aliinamisha dele juu ya kikombe chake. Likatoa tone moja, basi.

Naftali alikuwa ameshika pindo la koti lake mwenyewe. Alikuwa amelishika kwa nguvu, vidole vimekunjwa kama vya mzee kwenye lile blanketi, na hakujua ameanza lini. Machozi yalimtoka mbele ya watu na hakuona haya.

— Nimeuliza vibaya? alisema Marcelina.

— Hapana, dada. Mzee hakunisukuma mimi. Alikuwa anatafuta mkia wa Naftali.

Hakuna aliyecheka. Kanti alitoka mlangoni, akaja kukaa benchini, jambo ambalo halijawahi kutokea duka likiwa wazi.

— Kesho kanisa lenu saa ngapi? aliuliza Nizar.

— Balozi, wewe ni Mwislamu.

— Najua mie nani. Nimekuuliza saa ngapi.