Pumzi Katika Mabafle ya Verediane

Mzee Protais Hitimana alizaliwa tarehe 12 Machi 1939 huko Kanama, kwa wakulima wa maharagwe, Karenzi na Nyirasafari. Alisoma shule ya msingi hukohuko, akaiacha baba yake alipofariki. Redio ya kwanza kuifungua ilikuwa ya baba yake mdogo. Alichapwa, lakini ikaimba.

Mwaka 1957 alivuka mpaka kwenda Goma kujifunza ufundi, kisha akarudi upande wa kwao akafungua karakana yake Nengo. Mwaka 1964 alimuoa Laurence, aliyeleta redio kutengenezwa. Redio hiyo ilikaa karakanani wiki tatu bila ugonjwa wowote, wee! Wakamzaa binti, Umurerwa.

Kasoro yake tuiseme, maana mwenyewe hakuificha: hakujua kuacha kitu kizuri kilivyo. Mwaka 1997 mjane Verediane alimletea mabafle, yale masanduku ya spika, ya zamani ya marehemu mumewe, Rugema, mwimbishaji wa kwaya. Waya ilikuwa imelegea, basi. Protais akang'oa filtre nzima, ile sehemu inayogawa sauti, nzito iende spika kubwa, nyembamba iende ndogo. Akafunga mpya, yenye kondansa nzuri za Goma, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, na ya zamani akaitupa. Sauti ikatoka safi ajabu.

Verediane akaweka kaseti ya kwaya, ambayo Protais mwenyewe aliirekodi kanisani miezi michache kabla Rugema hajafa kwa kifua. Katikati ya ubeti wakasikia kitu ambacho mabafle yale yalikuwa yakikificha: pumzi ya Rugema ikikwaruza.

"Papa Umurerwa," mama yule akasema, "kumbe alikuwa mugonjwa, na mi nilikuwa namupigia makofi? Juu ya nini umenisikilizisha?"

Dhamiri ikamsuta Protais. Siku ile ya kurekodi alikuwa karibu kabisa, na hakusikia kitu. Akazunguka Goma yote akitafuta kondansa za zamani, airudishe sauti ilivyokuwa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yeye aliyazoa hata kwa kijiko.

Novemba 1998 figo zilimlaza. Hata kitandani aliuliza kila mgeni kama ameona sokoni redio mbovu ya kung'olea kondansa hizo. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 1999. Maneno yake ya mwisho kwa Laurence yalikuwa, "Nilimuua Rugema mara ya pili."

Jioni hiyo Verediane alifika msibani, bafle moja kichwani. Akalitua chini.

"Ile siku nilikuwa na hasira," akasema. "Sasa ile pumzi ndiyo nasikilizaka. Wimbo ni ya kwaya yote, pumzi ni ya Rugema peke yake. Kila juma nilisema nitakuja kumwambia asirudishe kitu. Nikaona haya. Bon, nimechelewa."

Ameacha mjane Laurence, binti yake Umurerwa, mkwe wake Kwizera, na wajukuu Igihozo na Diane. Kaseti ile italia hapa kaburini. Pumzi ikikwaruza, mtu asiguse waya.

Mzee Protais, iache ilivyo. Pumzika kwa amani.