Fimbo za Kujazia Maksi

Mama zangu, dada zangu, na ninyi akina baba wawili mliokaa karibu na mlango kana kwamba mtakimbia, nawasalimu kwa jina la Yeye aliyeniokoa na mkono wangu mwenyewe. Nimeombwa niseme nilivyoanguka. Nitasema. Sitamtaja mtu kwa jina, wala shule, na mkiitambua shule yenyewe, maana Iringa ni ndogo, kaeni nayo kifuani.

Nilikuwa mwalimu wa historia katika sekondari ya wasichana, si mbali na Kihesa. Nilitoka kwetu Rungwe nikiwa msichana wa miaka ishirini na minne, chuo nimemaliza, sauti kubwa. Darasani kwangu mambo yalikuwa hivi. Naandika notisi ubaoni, wananakili. Ijumaa mtihani. Jibu liwe kama lilivyo kwenye notisi. Hoja ambayo hukuipata kwangu haina maksi hata kama ni ya kweli. Kiingereza kikipinda, nusu maksi inakatwa. Utaandika upande mmoja tu wa karatasi, maana sikupenda kugeuzageuza. Kupasi ni hamsini. Ukipata chini ya hapo, zilizopungua unajaziwa kwa fimbo. Umepata arobaini na sita, fimbo nne. Umepata thelathini, fimbo ishirini. Na maksi zangu hazikuwa na rufaa.

Fimbo ilikuwa ya mpera, naikata mwenyewe. Nilichapa kiganja cha mkono wa kulia, kwa sababu nilisema huo ndio ulioandika ujinga. Darasa zima linahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama kwaya. Anayenyamaza anaitwa mbele na yeye. Wasichana walijikojolea pale mbele yangu. Mmoja alizirai, nikasubiri azinduke, nikamalizia mbili zilizobaki. Ndugu zangu, nawaambia, msije mkadhani nilikuwa nafanya kwa uchungu wa mzazi. Nilipenda. Ijumaa asubuhi nilikuwa naamka na furaha. Na darasa langu lilikuwa linaongoza kwa historia, wakaguzi wakija wananipa mkono, kwa hiyo nani angeniambia kitu?

Ukaja mwaka ambao wizara ilileta utaratibu mpya, kwamba kazi za darasani nazo ziingie kwenye cheti. Mimi nikaona nimeongezewa nguvu. Mwaka huohuo karatasi ziliadimika, kila msichana akawa anajitafutia zake.

Kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha tatu, wazazi wake wafugaji wa Kisukuma waliotoka kaskazini wakahamia Usangu, upande wa Igawa. Mpole, mrefu, anakaa dirishani. Ijumaa hiyo kabla ya mtihani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, nina karatasi moja tu. Naweza kuandika na nyuma?"

"Andika," nikamjibu, nikiwa naandika maswali ubaoni. Sikugeuka hata kumtazama.

Nikasahihisha siku ileile mchana. Karatasi yake nikaipa ishirini na mbili, nikaiweka chini, nikachukua nyingine. Saa tisa nikarudi darasani kujazia. Nilipotaja maksi zake, ishirini na nane za kujaziwa, akasimama akasema, "Samahani Mwalimu, nadhani..."

Nikamwambia, "Mbili zaidi kwa kudhani."

Alitoa mkono bila ubishi. Moja mpaka kumi hakulia. Kumi na tano kiganja kilipasuka, damu ikawa inaruka kwenye sare ya aliyekaa mbele. Kumi na tisa akashindwa, akageuza mkono, fimbo ikatua juu ya vifundo vya vidole, nikasikia mfupa. Darasa likanyamaza. Nikapiga dawati, nikapiga na bega la msichana aliyekuwa karibu, nikawaambia hesabuni! Wakahesabu huku wanalia. Nilimshika kifundo cha mkono nikaubana juu ya meza, nikaendelea mpaka thelathini. Zote thelathini, ndugu zangu. Nikaifuta fimbo kwa dasta, nikatoka.

Jumamosi mchana matroni wa shule, mama mmoja wa Kihehe mwenye maneno machache, akagonga kwangu. Alikuwa anatoka hospitali. Hata kamwene, ile salamu ya kwao, hakuniambia.

"Vidole vitatu vimevunjika," akasema. "Daktari anasema viwili huenda visikunje tena. Mtoto hajauliza vidole. Anasema nimwambie mwalimu atazame nyuma ya karatasi."

Akaondoka. Nikaenda kwenye rundo langu, nikaivuta ile karatasi. Nyuma ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, herufi ndogondogo, kama mtu anayeogopa kumaliza nafasi. Nikakumbuka nilivyomjibu. Nikakaa chini, nikasahihisha. Swali lilikuwa jinsi serikali ya kikoloni ilivyowalazimisha watu wetu kufanya kazi mashambani. Hoja zangu zote zilikuwamo. Mwishoni alikuwa ameongeza moja ambayo haikuwa kwenye notisi. Aliiandika kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, mimi nawapa kwa Kiswahili: kwamba watu walichapwa hadharani ili waliobaki waogope kuuliza. Kwa sheria yangu hiyo haikuwa na maksi. Nikampa mbili. Nikajumlisha, ikawa sitini na tatu.

Sitini na tatu! Mtoto alikuwa amepasi.

Nikaikimbiza karatasi kwa mkuu wa shule. Akaisoma mbele, akaisoma nyuma, akanirudishia.

"Ndugu Mwalimu, mimi karatasi hiyo sijaiona. Nyumbani kwako una jiko."

Nikaenda nyumbani nikawasha jiko. Mnataka niwaambie kwamba dhamiri ilinishika? Haikunishika. Sikuichoma kwa kuwa matroni alikuwa anajua, niliogopa atauliza. Nikaikunja nikaificha kwenye sidiria, nikakaa nayo hivyo mpaka Jumatatu.

Jumatatu mama yake akafika kwa lori la mchele kutoka Igawa, pamoja na mjomba wa binti. Walipitia hospitali kwanza. Ofisini tulikuwa mimi, mkuu na matroni. Mkuu akawaeleza kwamba binti alifeli, akarudiwa kidogo kama kawaida ya shule, akavuta mkono vibaya. Mimi nikawa natazama sakafu, nasubiri yule mama aanze kupiga kelele.

Hakupiga kelele. Alikuja mbele yangu, akapiga goti, akaweka miguuni pangu kibuyu cha maziwa.

"Mwalimu, tunaomba msamaha. Mtoto yetu kichwa yake nzito, sisi tunajua. Wewe piga tu asome. Lakini mkono tunaomba, Mwalimu. Mkono uache."

Mama zangu, hapo ndipo nilipoanguka, na hapo ndipo nilipookoka, yote mara moja. Nilifungua kifungo cha blauzi mbele ya wanaume, nikatoa ile karatasi.

"Mama, inuka," nikamwambia. "Kichwa chake si kizito. Alipasi. Aliniomba ruhusa ya kuandika nyuma, nikampa, halafu sikutazama. Nimemvunja mkono kwa kosa langu mimi."

Akainuka polepole. "Alipasi?"

"Alipasi, mama."

Kofi la kwanza sikuliona linakuja. La pili lilinipeleka ukutani. Akanikamata nywele, akanigongesha uso kwenye kona ya meza ya mkuu, na hili pengo mnaloliona kila nikicheka ndilo la siku hiyo. Alinipiga kwa viganja, kwa goti, kwa kandambili, huku analia kwa Kisukuma maneno nisiyoyajua. Mkuu akataka kuingilia, matroni akasimama mbele yake akamwambia, "Mwache mzazi." Sikujikinga. Damu ilichuruzika ikachanganyika na maziwa, maana kibuyu kilishapasuka.

Nilisimamishwa kazi. Nikaenda Mbeya kwa dada yangu, nikalala kutwa, nauchukia hata mwanga. Na bado ule ushetani ulikuwamo ndani. Mtoto wa dada alimwaga uji, nikamzaba kofi akaangukia jikoni, dada akanitupia sanduku nje. Ndipo nikajua kumbe kulia si kuponywa.

Siku ileile ambayo sikuwa na pa kulala, barua ya matroni ikanikuta kwa jirani. Vidole viwili vya binti vimekataa, kalamu haishikiki. Mama yake anasema hivi: aliyeuvunja mkono wa kulia aje afundishe wa kushoto.

Nilikwenda. Nilikaa pale kwao Igawa likizo nzima, nikila sahani moja na mwanamke aliyenitoa jino. Asubuhi tunakaa kivulini, mimi na binti na sleti. Herufi zilikuwa zinalala, zinapinduka, "a" inachukua siku mbili. Siku ya kwanza nikapandisha sauti. Binti akauficha mkono wa kushoto chini ya paja, akanitazama. Nikaenda zizini nikalia kati ya ng'ombe.

Mama yake akanifuata na ndoo. "Ukisikia hasira, chota maji."

Kisima kilikuwa mbali. Siku hiyo nilichota ndoo tisa. Kesho yake saba. Ng'ombe wa yule mama walikunywa vizuri sana mwezi ule, cheka tu mama, ni kweli.

Likizo ilipokwisha alikuwa anaandika ukurasa mzima. Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa kidato cha nne kwa mkono wa kushoto, akafaulu, na historia akafaulu. Sasa ni karani hapa mjini. Mimi nilirudishwa kazini, shule nyingine, upande wa Mbeya. Nikigawa karatasi, wasichana wangu wanazibishia maksi mpaka nachoka. Tunakaa tunazitazama pamoja, na mara nyingine kweli nimekosea.

Nashukuru. Namshukuru matroni, na yule mama aliyenipiga kisha akanipa pa kulala. Sisi wa Rungwe tunasema ndaga fijo. Na walimu mliomo humu, najua mmo, mtoto akifungua mdomo kusema jambo, mwache amalize. Ni hilo tu nililo nalo la kuwafundisha.

Mwezi uliopita nilimfuata binti nyumbani kwake, Mlandege, nikapiga magoti nikaomba msamaha. Akaniinua, akanipa chai.

"Mwalimu," akasema, "kuandika umenifundisha, nimepokea. Kusamehe bado."

Nikanywa chai nikaondoka. Basi, ndugu zangu, msiniombee mimi nisamehewe upesi. Mwombeeni yeye vidole vyake. Baridi ya Iringa ikianza, vinamuuma.