Bartolomeo Qamara, Mtafuta Mnyororo Mzima

Bartolomeo, mtoto wa tatu wa Mzee Qamara na Mama Evarista, alizaliwa Mbulumbulu tarehe 14 Mei 1941. Alisoma shule ya kati Karatu, akaendelea na sekondari, na mwaka 1967 akahitimu Makerere. Alikuwa mbishi tangu utotoni, na walimu walimkoma.

Kazi yake, huko chuoni Dar es Salaam, ilikuwa utumbo. Ndiyo, utumbo, na ndugu walimtania mpaka wakachoka wenyewe. Alieleza kwamba homoni za tumbo hazizaliwi zikiwa tayari. Kwanza hutengenezwa mnyororo mrefu wa protini. Protini wasaidizi huukunja ukae sawa, usijisokote hovyo. Halafu vimeng'enya huukata mahali pake, ndipo kinapatikana kipande kidogo kinachoamuru tumbo litoe asidi. Yeye alitaka kuuona mnyororo huo kabla haujakatwa. Hamu yake ilikuwa hiyo tu.

Alifunga ndoa na Katarina kanisani Karatu tarehe 7 Agosti 1971. Ng'ombe alipochinjwa, bwana harusi aliwaacha wageni, akachuchumaa na chupa ya chai iliyojaa barafu ya kutoka Arusha. Wazee walikuwa wameuinamia utumbo, wakiusoma kama desturi ilivyo, waone nyumba mpya itakuwaje.

"Wazee wangu, fanyeni upesi, utaharibika!"

"Tulia wewe, hatujamaliza," baba yake alimjibu.

Utumbo ukachelewa barafu. Dar alikuta vipande vitupu, na kwa miaka miwili akashikilia kuwa ng'ombe wa Mbulumbulu hana mnyororo mrefu, hadi alipong'amua kuwa vimeng'enya viliendelea kukata wakati wazee wakisoma. Siku hiyo Katarina alicheka mpaka machozi.

Mwaka 1985 vidonda vya tumbo vilimshika, dawa zikagoma. Machi 1986 alipasuliwa Moshi, akakutwa na uvimbe uliokuwa ukimwaga homoni ile ile aliyoitafuta. Kabla ya kupewa dawa ya usingizi alimwambia mwenzake wa kazi, Melkizedek: "Kipande changu kitie barafu papo hapo. Safari hii hakuna mzee wa kusubiriwa."

Alirudi Mbulumbulu amekonda, inatia huruma. Kila jioni aliuliza, "Melki hajaleta habari?"

"Bado, Baba Benedicta," Katarina alimjibu.

Huko Dar kemikali zilikosekana, umeme ukakatikakatika, miezi ikapita. Katarina alilichukia basi la Arusha kila liliposhusha watu, Melkizedek asiwemo. Alhamisi tarehe 18 Septemba, alfajiri, Bartolomeo alikata roho.

Melkizedek aliingia jana, hana habari ya msiba.

"Shemeji, tumeuona! Mzima, haujakatwa!" Ndipo akawaona waombolezaji.

Katarina hakumlaumu. Alimshika mkono, akampeleka penye jeneza. "Mwambie mwenyewe," alisema. Naye akainama, akamweleza yote, polepole, huku analia.

Marehemu ameacha mjane, Katarina. Watoto watatu, Benedicta, Thomasi na Antonia. Mama yake mzazi. Na kaka yake, Clemensi.

Baba Benedicta, habari umeletewa. Lala sasa, Mungu akupumzishe.