Jina la Saba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una pasi ya moto mkononi, iweke kando, usije ukaunguza shati la mtu kwa ajili yangu. Habari ya leo ni nzito.

Tunamkumbuka mwalimu wa madrasa. Alifariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sabini na minne. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Kifua, kwa sababu hakufundisha kwa kitabu. Ukimuuliza kitabu chake kiko wapi, alijipiga kifuani. "Kiko humu," alisema. "Humu mende hawaingii."

Asubuhi alikuwa fundi wa magodoro. Alijaza pamba, akashona, akarudi nyumbani na nyuzi nyeupe kwenye ndevu. Alasiri alifundisha katika chumba cha nyuma ya msikiti. Mikeka mitatu, ubao mmoja, dirisha lisilofunga. Miaka arobaini, chumba hicho hicho.

Alifundisha mengi, lakini somo lake hasa lilikuwa moja: majina, nasaba na utoto wa Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie. Muhammad bin Abdullah, bin Abdul-Muttalib, bin Hashim, bin Abdu Manaf, na kuendelea, babu juu ya babu, mpaka Adnan. Watoto waliyumba na kuimba kwa sauti moja. Mwalimu alipiga ubao kwa fimbo, jina moja pigo moja.

Kisha utoto. Baba amefariki mtoto hajazaliwa. Babu ndiye aliyempa jina la Muhammad. Halima akamnyonyesha jangwani. Alipofika miaka sita, mama yake, Amina, akafia safarini, mahali paitwapo Abwa, na mtumishi wao Baraka akamrudisha Makka kwa babu yake. Miaka miwili baadaye, babu naye akaondoka.

Kila mwaka, somo likifika Abwa, Mwalimu Kifua alilia. Alilia kweli, na kamasi juu. Watoto watundu waliwekeana dau la peremende: leo atalia, leo halii?

Nilimtembelea binti yake, fundi cherehani, nyumbani kwao. Alikaa nyuma ya cherehani yake bila kuikanyaga. Akaniambia, "Baba alimlilia yatima yule kila mwaka. Na mwanawe mwenyewe yuko hai, hajui amekula nini."

Mwanawe. Hapo, wasikilizaji, ndipo penye kidonda.

Rudini nami nyuma miaka thelathini na miwili. Mwalimu ana mtoto wa kiume wa miaka kumi na mmoja. Nyumbani, juu ya kabati, kuna kitabu cha maisha ya Mtume ambacho baba hakifungui, kwa kuwa yote yako kifuani. Mtoto anapanda kiti, anakishusha, anasoma. Kesho yake darasani, wenzake wakiwa katikati ya nasaba, ananyoosha mkono.

"Baba, umemruka mmoja. Baada ya Kilab kuna Murra. Ni jina la saba."

Sikilizeni vizuri. Mababa wa Mtume mpaka Adnan ni ishirini na mmoja. Mwalimu Kifua alikuwa akifundisha ishirini. Alivyosikia kwa mwalimu wake ndivyo alivyoshika, na ndivyo alivyofundisha. Mtoto alikuwa na haki.

Mwalimu alimwita mbele. Akamchapa fimbo ishirini, moja kwa kila jina, na darasa likaamriwa kuimba majina hayo fimbo zikishuka. Walipomaliza akasema, mbele ya watoto thelathini: "Anayemsahihisha baba yake hana baba. Nenda kamtafute wako."

Maneno hayo, wapendwa. Fimbo hupona.

Kijana alivumilia miaka sita. Akiwa na kumi na saba alibeba mfuko mmoja akaondoka, akajifunza kuchomelea vyuma upande wa pili wa mji. Mwendo wa saa moja kwa basi. Hakurudi, na baba hakwenda. Mama yao alikufa bila kuwaona tena wawili hao wakikaa chumba kimoja.

Sasa tuje mwaka jana. Muuguzi alikuja madrasa kuwachanja watoto. Alisimama mlangoni na kisanduku chake, akingoja wamalize kuimba. Walipomaliza akauliza kwa adabu, "Samahani, mwalimu. Na Murra?"

"Murra gani?"

"Murra bin Kaab. Yuko kati ya Kilab na Kaab. Si ndipo ukoo wa Abubakari unapokutana na wa Mtume?"

Mwalimu alicheka. Halafu akaacha kucheka. Alikwenda nyumbani kabla ya wakati, akakishusha kile kitabu. Binti alimkuta ameketi sakafuni, vumbi mpaka kwenye kope.

"Nilidhani ameanguka," anasema. "Akaniambia, 'Mwanangu, kaka yako alisema kweli.' Basi. Hakula siku ile."

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Mwalimu Kifua hakuwa na habari na wahenga. Alitoa madaftari yake ya zamani yenye majina ya wanafunzi na akaanza kuwafuata mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, kuwafundisha upya. Zaidi ya watu mia mbili. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia moyo wake umechoka, apumzike. Alijibu atapumzika akimaliza.

Muuza nyama mmoja alinisimulia alivyofuatwa buchani. Wateja wamepanga foleni, yeye ana kisu mkononi, mzee anamwambia, "Soma nasaba." "Mwalimu, nina watu!" "Nao watasikia. Soma." Akasoma, ndevu zake zikiwa na mvi, mbele ya foleni nzima. Alipofika Kilab mzee akamshika mkono: "Hapo nilikudanganya. Nisamehe."

Wengine walikuwa wamekufa. Kwa hao alikwenda makaburini, akasimama, akawasomea majina yote ishirini na moja.

Kwa miezi minane alizunguka hivyo. Daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza, lilikuwa na jina moja ambalo hakuligusa. Binti akachoka kunyamaza. "Baba, umewamaliza wa watu, hai na wafu. Wako je?"

Alijibu, "Huyo sikumkosesha jina, mama. Huyo nilimkosesha baba. Nitaingiaje kwake?"

"Baba yangu alikuwa anaogopa," binti anasema. "Nilikuwa sijawahi kumwona anaogopa."

Siku ya Jumatatu alikwenda. Karakana ina geti la bati. Vijana wa kazi walimwambia fundi hayupo. Fundi alikuwepo, alikuwa nyuma ya geti hilo hilo. Mzee alikaa juani juu ya debe la rangi mpaka jioni, akarudi nyumbani. Jumanne alikwenda tena. Hayupo.

Jumatano hakuuliza. Alisogea karibu na bati akaanza kusoma, Abdullah mpaka Adnan, na Murra mahali pake. Ndani, mashine ya kusagia ikazimwa. Mzee akasema, "Mwanangu, ulisema kweli. Nilikupiga na haki ilikuwa yako. Na neno lile nililosema baadaye, nililitamka mimi, lakini si kweli. Una baba. Ni mpumbavu, lakini unaye."

Geti halikufunguliwa.

Nilikwenda kumwona huyo mwana. Ana miaka arobaini na mitatu, makovu ya cheche mikononi. Nilimuuliza kwa nini. Wapendwa, hakunikwepa.

"Nilisikia yote," alisema. "Nilikuwa nimeegemea bati. Nikasema, na yeye angoje kidogo. Mimi nimengoja miaka yote hii. Nilitaka aje siku moja zaidi. Moja tu."

Alhamisi asubuhi Mwalimu Kifua aliamka mapema, akaoga, akaomba kanzu iliyopigwa pasi. Binti alikuwa akimtafutia kofia. Aliporudi chumbani alimkuta amelala ubavu kitandani, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Alikuwa ameshafariki.

Mwana alifika kabla ya adhuhuri. Wazee wa msikiti walimpisha, na yeye ndiye aliyemwosha baba yake. Alimwosha polepole, mpaka mmoja wa wazee akamkumbusha kwamba watu wanangoja kuswali. Sikumuuliza alisema nini mle ndani. Si kila kitu ni cha redio.

Kwa binti, kwa mwana, na kwa wote waliosomeshwa katika chumba kile chenye mikeka mitatu, tunatoa pole kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu, amsamehe, na awape subira waliobaki.

Nilipokuwa natoka karakana, mwana aliniita. "Kama utawaambia watu, waambie na hili. Alhamisi geti lilikuwa wazi. Nilifungua saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimeweka kiti na maji ya kunywa. Nikawa nachungulia barabarani, ndipo simu ikaita."

Wasikilizaji wapendwa, kipindi kikiisha huwa mnapiga simu studio kutoa maoni. Leo msinipigie mimi. Mpigie huyo uliyemkumbuka sasa hivi.