Clement Arthur Garrod, Aliyemfuta Kipanga Wake Mwenyewe

Ndugu, jamaa na majirani wa Wenby, na ninyi wanachama wa Chama cha Ndege mliosimama huko nyuma, ambao hata leo mmekuja na darubini shingoni na mnadhani sijaziona. Mimi ni Bridget, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake. Nilipokabidhiwa kazi ya kuandika wasifu huu, mjane wake, Anti Thelma, alinipa sharti moja: "Andika ulichokiona mwenyewe, au kilichoonwa na watu wawili. Mengine acha." Nimejitahidi kulishika.

Marehemu Clement Arthur Garrod alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Februari 1944, hapa hapa Wenby, Suffolk, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Arthur Garrod, mchunga ng'ombe, na mkewe Ivy. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho njiani, mbele nyika ya vichaka, nyuma kinamasi cha matete, na bahari ikisikika siku za upepo. Alipokuwa na miaka sita alitumwa dukani kununua mkate asubuhi, akarudi jua linakuchwa, maji yamejaa viatuni. "Bata bukini arobaini na mmoja, mama!" alisema. Bibi akamuuliza, "Na mkate?" Akajibu, "Mkate sikuuona." Hili limethibitishwa na marehemu mwenyewe na mama yangu, Edna, aliyelala njaa siku hiyo na hajalisahau.

Alisoma Shule ya Msingi ya Wenby kuanzia mwaka 1949 hadi 1955, kisha sekondari mjini hadi Julai 1959. Ripoti yake ya mwisho tunayo. Mwalimu aliandika kwamba Clement angefanya vizuri zaidi kama darasa lisingekuwa na madirisha.

Mwezi uliofuata aliingia kazini chini ya baba yake mdogo, Percy, fundi wa kuezeka kwa matete, na kazi hiyo aliifanya miaka hamsini kamili, hadi Agosti 2009. Majira ya baridi alikata matete kinamasini, maji yakimfika magotini, na majira ya joto alipanda juu ya nyumba za watu. Tutakapokwenda kunywa chai ukumbini baada ya hapa, inueni macho. Paa lile ni mkono wake, na halijavuja tangu 1983. Alikuwa mpole kwa kila mtu isipokuwa kwa fundi mwenzake aliyefunga matete yakiwa mabichi. Huyo alimwita mwizi, mbele ya mteja.

Lakini Jumapili ilikuwa ya ndege. Marehemu alijiunga na Chama mwaka 1961, na tangu hapo, kila Jumapili kuanzia Novemba hadi Machi, alikuwa maegeshoni saa mbili asubuhi. Safari zetu mnazijua: kwanza nyikani, mchana kinamasini, alasiri ufukoni kwenye kokoto, ambako upepo wa mashariki hauna adabu. Halafu mnarudi kwenye magari, supu inamiminwa kutoka kwenye chupa za chai, na mwenye daftari anaita majina ya ndege mmoja mmoja. "Kulasitara?" "Nimemwona!" "Bundi mweupe?" "Nimemwona!" Wakijibu wawili, ndege anaandikwa. Akijibu mmoja, ndege haandikwi, hata kama huyo mmoja ni padri, na padri wetu aliyetangulia aliwahi kununa wiki mbili kwa ajili hiyo.

Sasa nafika mahali ambapo baadhi yenu mngependa niparuke. Sitaparuka, kwa sababu mwenyewe hakuparuka.

Jumapili ya tarehe 23 Januari 1972, theluji ikiwa imelala juu ya matete, marehemu alimwona kipanga dume akipita chini chini kinamasini. Kipanga wa kijivu huja kwetu kila baridi. Huyu alionekana mweupe pepe, na marehemu akasema ni kipanga mweupe wa nyika za Urusi, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona pwani yetu. Alimchora papo hapo kwenye kijidaftari cha mfukoni, akakirudisha kijidaftari katika koti. Jioni, kwenye mwito wa majina, alitaja kipanga mweupe. Mzee Pettit, mwenyekiti wa wakati huo, alijibu, "Nimemwona!" ingawa watu wawili wameniapia kwamba kipanga alipopita yeye alikuwa ameinamia kikombe cha supu.

Pembeni ya marehemu alikuwepo binti wa miaka ishirini na miwili, Thelma Borrett, karani wa maktaba. Yeye alisema, "Kipanga nimemwona. Huo weupe sijauona."

"We binti," Pettit akamwambia, "futa miwani yako."

"Nimeifuta, mzee. Wewe futa supu kwenye ndevu."

Watu walicheka, lakini ndege akaandikwa. Mwezi uliofuata marehemu alileta mkutanoni mchoro safi alioufanya nyumbani, na katika mchoro huo ncha za mabawa zilikuwa na weusi mwembamba, kama anavyotakiwa kuwa kipanga mweupe. Thelma alisimama akauliza swali moja: "Kaka Clement, huu uliuchora kabla hujafungua kitabu cha ndege, au baada ya kukifungua?" Wakamzomea. Wakamwita Bibi Wivu. Marehemu alikuwa anatimiza miaka ishirini na minane mwezi huo. Nasema wazi: Thelma alionewa, na mjomba wangu aliliona hilo na hakufungua mdomo. Thelma aliondoka Chamani usiku ule ule.

Kipanga yule alimpandisha marehemu. Mwaka 1978 alifanywa mwenyekiti. Kipanga mweupe alishonwa kwenye sweta za Chama, na nadhani hapa mbele yangu nazihesabu sweta tatu. Thelma alihamia ng'ambo ya mto, akawa anatazama ndege peke yake, kinamasi kile kile, upande wa pili. Miaka kumi na tisa waliangaliana kwa darubini bila kupungiana mkono.

Mwezi Februari 1991 bibi Ivy alifariki. Marehemu na mama yangu walipokuwa wakisafisha nyumba, mjomba alikuta koti lake la zamani limening'inia darini, na ndani ya mfuko kile kijidaftari. Mama alikuwepo, nami nilikuwepo, nina miaka kumi na sita. Alishuka nacho jikoni, akakifungua mahali pa tarehe 23 Januari. Mchoro ulikuwa wa penseli, umelowa kidogo, lakini ulionekana vizuri kabisa. Ncha za mabawa zilikuwa na weusi mpana, manyoya matano, kama alivyo kipanga wa kijivu wa kila siku. Jicho lake lilikuwa limeona sawasawa. Ni mkono uliokwenda nyumbani, ukafungua kitabu, ukachora kile moyo ulichokitaka.

Jiko la kuni lilikuwa linawaka hatua mbili kutoka pale aliposimama. Mama, ambaye ni mtu wa vitendo, alimwambia, "Tia humo, Clem. Nani atajua?" Marehemu akamjibu, "Thelma anajua." Akavaa kofia akatoka.

Yaliyotokea mlangoni kwa Thelma nimeyasikia kwake na kwa marehemu, mashahidi wawili, na wanapatana karibu kila neno.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema.

"Umechelewa miaka kumi na tisa."

"Njia ina matope."

"Vua viatu basi, zulia ni jipya." Akakipokea kijidaftari, akakipeleka dirishani, akakitazama mpaka chai ikapoa. "Manyoya matano," akasema. "Hata Pettit angeyaona, kama angetoa pua kwenye kikombe. Haya. Mimi umeniomba. Wao je?"

Mkutano mkuu wa Ijumaa, tarehe 12 Aprili 1991, marehemu alisimama mbele ya watu sitini akasema kwamba ndege wa 1972 afutwe, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyembadilisha, na kwamba Bi. Thelma Borrett alikuwa na haki tangu siku ya kwanza. Mtu mmoja alipiga kelele, "Kaa chini bwana, sweta tumeshashona!" Mwingine, rafiki yake wa tangu shule, alitoka ukumbini na hakusema naye tena hadi rafiki huyo alipokufa. Marehemu aliacha uenyekiti siku hiyo. Wapo waliomhesabu kuwa ameaibika. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, na tangu siku hiyo sijamwona mtu aliyesimama wima kuliko yeye.

Msimu uliofuata Thelma alirudi maegeshoni. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 5 Juni 1993, bwana harusi akiwa na miaka arobaini na tisa na bibi harusi arobaini na mitatu, na wakachelewa kanisani kwa sababu ya kozi, ndege mwindaji, aliyekuwa ametua mnarani. Walimwona wote wawili, kwa hiyo aliandikwa. Hawakujaliwa watoto, lakini kila mtu hapa aliyeanza ndege akiwa mdogo amewahi kupokonywa kitabu na mjomba Clement. "Chora kwanza!" alikuwa akisema. "Kitabu hakikuwepo kinamasini, wewe ulikuwepo."

Mwishoni mwa 2021 marehemu alianza kusumbuliwa na mapafu, matokeo ya vumbi la mapaa ya zamani, na akatibiwa kwa moyo mmoja na madaktari na wauguzi ambao familia inawashukuru sana. Baridi ya mwaka jana alikuja safarini akiwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa, blanketi magotini, akigomba kwamba tunatembea kama ng'ombe. Kuanzia Desemba hakutoka tena. Kitanda chake kilihamishiwa dirishani, upande wa kinamasi.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 16 Januari 2024, Anti Thelma alikuwa dirishani nami nilikuwa miguuni pa kitanda. Kulikuwa na barafu na jua. Anti akasema, "Clem, kipanga anapita. Dume. Mweupe kweli kweli huyu." Marehemu hakuweza kuinua kichwa. Aliuliza, "Ncha za mabawa?"

Anti alikuwa analia. Angeweza kusema lolote, na mimi nilimwomba kimoyomoyo aseme weusi wake ni mwembamba, ampe mzee ndege wake aende naye.

"Sikuziona vizuri," akasema.

"Basi usimwandike," alisema marehemu, na akatabasamu, akamtafuta mkono. Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Alifariki saa tano kasoro dakika kumi, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Daftari la siku hiyo ninalo. Limeandikwa tarehe, upepo, barafu, na chini yake hakuna kitu.

Marehemu ameacha mjane, Thelma; dada, Edna; wapwa wawili, mimi na kaka yangu Nigel; wajukuu watatu kwa upande wetu; na Chama cha Ndege cha Wenby, ambacho Jumapili hii kitakutana saa mbili kama kawaida, kwa sababu alisema tukiahirisha atatushangaa. Apumzike kwa amani, mahali ambapo matete ni makavu na upepo unatoka kusini.

Anti Thelma ameomba jambo moja kabla hatujamshusha. Nitaita jina kama tunavyoita maegeshoni, na aliyemwona mtu huyu, akamwona vizuri, atajibu. Wakitosha wawili, tutamwandika. Ameomba pia ajibu yeye wa kwanza.

Clement Arthur Garrod?